Nataka kutengeneza filamu ya Freddie Mercury, mke wangu anataka tupaue nyumba

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mkaazi wa Unguja, kazi yangu kupiga video za harusi. Nina mke na mtoto mmoja wa kike. Mke wangu ni mwalimu wa skuli ya msingi, na jioni hushona nguo za watoto. Naomba usinitaje jina, maana mji wetu huu ukikohoa Darajani unapewa pole Mwanakwerekwe.

Siku zote nimetamani kutengeneza filamu yangu mwenyewe, iwe na kisa, si bi harusi akishuka ngazi. Kisa ninacho. Ni cha Freddie Mercury, yule mwimbaji wa rock wa bendi ya Queen, aliyezaliwa hapa kwetu tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi, baba yake akishika fedha kwenye ofisi ya serikali ya Waingereza. Nikipita Shangani nawakuta watalii wamejazana mbele ya ile nyumba iliyofanywa makumbusho yake tangu 2019, wanaupiga picha mlango, wanaondoka. Nami najisemea, hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake mtoto yule aliishi vipi humu vichochoroni.

Filamu yangu haina mambo ya London wala majukwaa makubwa. Inaanza 1963, kijana anaporudi kutoka skuli ya bweni India, inakwisha 1964, familia yake inapoondoka baada ya Mapinduzi. Mswada nimeuandika mwenyewe. Kamera ninazo mbili, taa ninazo, waigizaji ni vijana ninaowafahamu. Kinachonikosesha usingizi ni fedha. Nimepiga hesabu, nahitaji shilingi milioni 14.

Shilingi milioni 14 zipo, Shangazi, ila ni zangu na mke wangu. Nyumba yetu ya Mwera imefika lenta, na fedha hizo tuliziweka kwa ajili ya mbao na mabati. Nilipomweleza hakugomba. Aliendelea kukunja nguo za wateja, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mabati yasubiri mpaka lini?" Tangu siku ile hajalitaja tena jambo hili, na mimi sijui kunyamaza kwake ni ridhaa au ni hasira.

Wa pili ni baba mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufariki. Mwanzo hakuwa na neno. Alikuwa akinicheka tu, hata akanihadithia jinsi walivyokuwa wakipigana vikumbo Majestic sikukuu za Idi kugombea tiketi za picha za Kihindi. Mambo yalibadilika nilipoanza kumrekodi bibi, mama yao. Mama yake bibi alikuwa akifanya kazi kwa familia moja ya Kiparsi kule Vuga, si hao akina Bulsara, wengine. Bibi alikuwa msichana, na anakumbuka kila kitu: msandali uliofukizwa asubuhi, piano iliyovutwa kwa kamba mpaka ghorofani ikaingizwa dirishani kwa sababu ngazi ilikuwa nyembamba. Akafika pale familia ile ilipoondoka, mama mwenye nyumba akamkabidhi mama yake kitita cha funguo. Hapo baba mkubwa akatokea mlangoni, akasema, "Zima hiyo." Jioni aliniita. Akaniambia ukoo wetu hautahusishwa na mtu mwenye mwenendo kama wa yule mwimbaji, na akanikumbusha 2006, watu walivyopinga sherehe iliyopangwa hapa ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, mpaka ikafutwa.

Wa tatu ni mwenzangu wa kazi. Yeye anasema filamu ya Freddie Mercury isiyo na nyimbo za Queen ni pilau bila nyama. Niliandika barua pepe nje kuulizia nyimbo, sikujibiwa. Mwenzangu anasema tuziweke mbili tu, wenyewe wakija kujua sisi tumeshapata jina, na mahoteli yatakuwa yameshainunua.

Nikiacha, naona nitapiga harusi za watu mpaka nizeeke. Nikifanya, naogopa kumpoteza mke, mzazi na fedha kwa mpigo mmoja. Nishauri.

Mpiga Video, Unguja

SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu.

Unaniuliza utengeneze filamu au uache. Lakini nikikufuata vizuri, naona kazi umeshaianza. Mswada upo, bibi ameshakaa mbele ya kamera, hesabu imeshapigwa, hata barua ya nyimbo imeshakwenda. Umeniletea watu watatu kama vizuizi vitatu, na katikati yao umejiweka wewe na ndoto yako. Nami nina wasiwasi kidogo na mpangilio huo. Sidhani kama wote watatu wanakukataza kitu kimoja. Na mmoja wao, kwa maoni yangu, hakukatazi kabisa.

Nianze na mwenzako, maana lake ni jepesi kulifungua. Kijana wako wa 1963 hajawahi kusikia wimbo hata mmoja wa Queen. Hakuna aliyewahi kuusikia. Bendi ile iliundwa London mwaka 1970, miaka sita baada ya familia yake kuondoka Unguja. Kabla ya kurudi, kijana huyo alikuwa mwanafunzi aliyepiga piano kwenye bendi ya skuli kule Panchgani, India, waliyoiita The Hectics. Akirudi hapa nyumbani masikio yake yalipata nini? Taarab ya Ikhwani Safaa, iliyokuwepo tangu 1905. Nyimbo za Kihindi zikitoka Majestic na Empire. Redio. Azana. Kwa hiyo unaposikitika kwamba huna nyimbo, jiulize kwanza kama mswada wako uliziomba, au ni mwenzako ndiye aliyezitaka.

Hujawa wa kwanza kufika hapo. Mwaka 2013 ilitoka filamu ya Jimi Hendrix ambayo warithi wake walikataa kutoa nyimbo alizozitunga. Watengenezaji wakaibana hadithi kwenye miaka ya 1966 na 1967, kabla hajawa nyota mkubwa, wakatumia nyimbo za watu wengine ambazo mwenyewe alikuwa akizipiga jukwaani. Kuna waliosema filamu imepungukiwa, na kuna waliosema ndipo walipomwona mtu badala ya sanamu. Wewe mswada wako umeshajibana wenyewe bila kukataliwa na yeyote.

Kuhusu kuzichomeka kimya kimya, nikueleze jinsi mambo yalivyo. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya ile rekodi yenyewe, na mara nyingi wenye nazo si mtu mmoja. Kuutia kwenye filamu unahitaji ruhusa za pande zote mbili, na kutojibiwa si ruhusa. Mmarekani Todd Haynes aliwahi kutengeneza filamu fupi ya mwimbaji Karen Carpenter mwaka 1987 kwa fedha kiduchu, akiigiza kwa midoli, na nyimbo akaziweka bila idhini. Kaka yake mwimbaji akaenda mahakamani, na kufikia 1990 filamu ikazuiwa kuoneshwa. Sikatai kwamba ilimpatia jina. Mwenzako angelitaja hilo haraka. Ila filamu yenyewe hakuweza kuiuza. Hoteli gani ya Nungwi itanunua filamu yenye kesi?

Ninachokipenda zaidi ni alichokuja kufanya bwana huyohuyo baadaye. Alitaka kusimulia zama za David Bowie, Bowie akamnyima nyimbo zake. Haynes akabuni mwimbaji wake mwenyewe, jina lingine, nyimbo nyingine, na mwaka 1998 filamu ile ikatuzwa kwenye tamasha la filamu la Cannes.

Hapo ndipo ninapotaka kukugusa, kwa upole. Una hakika filamu yako ni ya Freddie Mercury? Ulichonisimulia kwa mapenzi ni msandali, ni kamba za piano dirishani, ni vikumbo vya Majestic. Hakuna hata kimoja humo kilichotoka kwa akina Bulsara. Vyote vimetoka kwenu. Ukimwita kijana wako kwa jina la nyota, utabeba na mambo ya nyota: jamaa zake walio hai, mashabiki wanaojua mpaka rangi ya viatu vyake, na lawama ukikosea. Ile filamu ya Hendrix iliandamwa na Kathy Etchingham, aliyekuwa mpenzi wake miaka ile, akisema hadharani kwamba matukio ya kupigwa yaliyooneshwa humo hayakumtokea. Ukimwita jina jingine, kijana wa Kiparsi tu aliyependa piano, unakuwa huru. Mtazamaji mwenye akili ataunganisha mwenyewe.

Lakini uhuru huo una bei, nisikufiche. Jina ndilo linalomfanya mgeni wa Shangani asimame mlangoni. Bila jina, nani atakuja kuangalia vijana wasiojulikana wakizungumza Kiswahili ghorofani? Huenda ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, wakaipenda pale Ngome Kongwe, huenda isipite. Mfano wa kukutia moyo ninao, nao umetoka Afrika hii hii. Mwaka 2015 ilitoka filamu iliyopigwa Agadez, Niger, kwa lugha ya Watuareg, kuhusu mpiga gitaa anayehangaika mjini na pikipiki yake. Mpiga gitaa mwenyewe ni Mdou Moctar, akiigiza kijana wa kufanana naye, akipiga nyimbo zake mwenyewe. Fedha zilikuwa ndogo na waigizaji ni watu wa pale pale. Leo anajaza kumbi Ulaya na Marekani. Lakini hapo muziki ulikuwa wa wenyewe tangu mwanzo. Wewe itakubidi uwatafute wapigaji, pengine vijana waliosoma DCMA, kile chuo cha muziki cha hapa Zanzibar, ukae nao, na uwalipe. Hata nyimbo za taarab zina wenyewe, kwa hiyo pita COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, uulize kabla ya kurekodi.

Sasa baba mkubwa, na hapa nakuomba usome barua yako upya kwa jicho la mtu baki. Umesema alijua mpango wako tangu mwanzo na hakuwa na neno. Alicheka. Akakupa hadithi za Majestic, yaani alichangia. Mtu anayechukizwa na jina la yule mwimbaji angegomba tangu siku hiyo. Alisema "zima" bibi alipofika kwenye funguo. Mwimbaji alitajwa jioni.

Zilikwenda wapi funguo zile? Mimi sijui, na nadhani hata wewe hujui. Baada ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, watu waliuawa, wengine waliondoka na sanduku moja, na wengine wakahamia walimokuwa hawakuota kuishi. Walioyaona hayo, na watoto wao, bado wanaswali msikiti mmoja na kununua mkate duka moja. Huenda kuna jambo la ukoo hapo. Huenda hakuna lolote, ila baba mkubwa hataki mama yake mzee alie mbele ya kamera. Huenda pia ni kweli tupu kwamba hampendi yule mwimbaji, ingawa watu wakiwa na sababu mbili, hutamka ile rahisi.

Kwa hiyo usiende kumtetea Freddie Mercury kwake. Nenda umuulize habari za Vuga, bila kamera, bila simu mezani, na uwe tayari kwa lolote. Anaweza kukataa kusema. Anaweza pia kukwambia jambo zito ambalo hutaweza kulitia kwenye filamu yoyote, na ukabaki nalo kifuani. Wako wanaoona afadhali wasijue. Na bibi naye ana sauti yake. Maneno ni yake, kumbukumbu ni zake. Muulize yeye, mkiwa wawili, kama anataka kuendelea. Ninyi wanaume wawili, mmoja anawasha na mmoja anazima, sikuona mahali alipoulizwa.

Kuhusu mwenendo wa mwimbaji, nikwambie kama mtu mzima kwa mtu mzima. Freddie Mercury alipenda wanaume, na alifariki 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI. Mwenzako anamtaka wa kwenye fulana za watalii. Baba mkubwa anataka asitajwe. Wewe unaandika habari za kijana wa miaka 17 asiyejua bado atakuwa nani, na una haki ya kubaki hapo. Ila usije ukamwahidi mtu yeyote kwamba utamsafisha, maana ahadi hiyo itakurudia siku ya kuonesha. Mswada utapita kwenye baraza linalokagua filamu Zanzibar, BASSFU, na ninavyoona mimi kurasa za Januari 1964 huenda zikaulizwa zaidi kuliko kurasa za piano. Peleka mapema, kabla hujamlipa mtu hata senti.

Mke wako nimemwacha mwisho, ndiye aliyenikaa moyoni. Unasema amenyamaza. Hakunyamaza, mwanangu. Aliuliza swali: mabati yasubiri mpaka lini? Wewe ndiye hukujibu. Swali lile linataka tarehe. Fedha zile zina mikono miwili ndani yake, na mmoja ni wa mtu anayesahihisha madaftari mchana na kushona magauni usiku. Halafu kuna jambo ambalo sijaona ukilifikiria. Watu wakianza kusema mjini, maneno yatafika kwanza kwenye chumba cha walimu, na atakayeyasikia ni yeye. Pengine linalomuumiza si bati. Pengine ni kwamba hakuna aliyempa mswada ausome.

Ziko njia za kati, nazo hazikosi miiba. Unaweza kuanza na filamu fupi ya robo saa: chumba kimoja, piano, mama na mwana, kwa fedha ya harusi chache, nyumba ikaendelea. Hatari yake ni kwamba filamu fupi haiuziki, na wengi huanza fupi wakaishia hapo. Unaweza kumwomba mkeo sehemu ya fedha, mbao zikanunuliwa sasa na mabati mwakani, lakini ukuta wa lenta unaopigwa na masika mbili unaujua. Unaweza kupiga mwezi wa Ramadhani ambapo harusi hakuna na vijana wako hawana kazi, ila utawasimamisha juani na saumu zao. Unaweza pia kutafuta mfadhili, naye atakuja na mswada wake mfukoni.

Hesabu yako ya milioni 14 sijaiona, ila najua mahali wapiga harusi huumia. Ni sauti. Harusini ngoma inafunika kila kitu. Kwenye filamu mama akinong'ona lazima asikike, na nje kuna bodaboda, jenereta na azana za misikiti mingi zikipishana. Nje pia kuna nyaya, madishi na mabango ambayo 1963 hayakuwepo, kwa hiyo utalazimika kujifungia ndani au kuamka alfajiri. Kisha kuna chakula cha watu wako, ambacho hakuna anayekiweka kwenye hesabu ipasavyo. Utaambiwa kisa cha yule Mswidi aliyeishiwa fedha akamalizia filamu yake ya mwanamuziki Rodriguez kwa programu ya simu, na mwaka 2013 ikapata Oscar. Ni kweli. Lakini wale walioishiwa na wasimalize, visa vyao hatuvisikii.

Ukishazungumza na mkeo niandikie tena, unieleze alisema nini, kwa maneno yake, si kwa tafsiri yako. Na mwenzako mwandikiane mkataba kabla kamera haijawashwa, hata kama mmekua pamoja: picha ni za nani, mapato yagawanywe vipi, na ikija kesi ya nyimbo nani alipe. Hilo la mwisho msomee kwa sauti, kisha mpe kalamu.